Kishale Baharini

Kwa zaidi ya miaka 10 sasa kuna mwanamke anayenisemesha kila ninapowasha gari, nami sijapata kumjibu hata siku moja. Ana sauti ya upole na adabu, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Husema sentensi moja tu ya Kijapani, akanyamaza, ndipo safari ikaanza. Watoto wangu waliikariri sentensi hiyo neno kwa neno, wakawa wanaisema uani kama wimbo wa kuruka kamba, bila kujua maana yake. Aliyekuwa akimjibu mwanamke yule ni marehemu mke wangu. Aliamini kwamba ile ni sala ya safari, kwa hiyo kila ilipomalizika yeye alisema, "Amina."

Gari lenyewe ni Toyota Brevis la mwaka 2004. Msomaji asiyelijua nitamwambia kwamba ni gari la kifahari lililobuniwa kwa ajili ya mtu mzima wa Japani aliyetaka starehe ya gari kubwa ndani ya umbo lisilo kubwa sana. Lina injini ya silinda sita, viti vipana vya kulaza mtu, na saa za mwendo ambazo hubaki nyeusi kabisa mpaka uwashe gari, ndipo zinapong'aa kama taa za sherehe. Liliuzwa Japani tu, kuanzia mwaka 2001 hadi 2007, kisha likaachwa kuundwa. Lakini magari ya namna hii yakishakoma kuzaliwa kule, huku kwetu ndipo yanapoanza maisha. Dar es Salaam imejaa Brevis. Kila mwenye nalo atakueleza sifa zake kwa nusu saa, na ukimuuliza habari za mafuta atabadilisha mazungumzo.

Nililinunua mwaka 2012 kwa akiba yangu ya ualimu na fedha za kiwanja nilichouza. Walimu wenzangu walinicheka. Mwalimu wa jiografia, walisema, atembelee gari la bosi! Lakini nilikuwa nimepanda daladala tangu ujana wangu, na Mama Neema alikuwa ameshaanza kulalamika mgongo. Nikasema liwalo na liwe.

Pale kwenye yadi kijana aliyeniuzia aliwasha gari, akagusa kitufe, na katikati ya dashibodi pakatokea ramani. Alisema, "Mzee una bahati, diski yake ipo." Sikuelewa bahati hiyo ilikuwa ya nini mpaka nilipozoeana na jirani yangu, ambaye gari lake lilikuja bila diski. Siku fundi alipong'oa betri yake na kuirudisha, skrini ilidai iingiziwe diski ya ramani, na mpaka ipewe haikukubali kufanya jambo jingine lolote, hata redio haikupiga. Jirani aliendesha miezi mingi katika ukimya, na mbele yake maandishi ya Kijapani yakimdai kitu ambacho hakuwa nacho.

Yangu ilikuwa na diski, basi ikawa na ramani. Ila ramani ilikuwa ya Japani. Nililipeleka gari nyumbani Kawe, nikaliegesha chini ya mwarobaini, nikaitazama skrini kwa macho ya kazi yangu. Niliona rangi ya bluu ya bahari, kingo zilizonyooka za gati, barabara nene zilizopindana kama tambi, na kishale chekundu kimesimama ukingoni mwa maji. Maandishi sikuweza kuyasoma, lakini umbo la pwani mwalimu wa jiografia halimpotei. Nilifungua atlasi, nikalinganisha, nikapata: ilikuwa Yokohama, kwenye magati ya Daikoku, mahali ambapo magari mengi yaliyotumika hupakiwa melini kuja kwetu. Kwa hesabu ya mtambo ule gari lilikuwa halijapanda meli. Lilikuwa bado limeegeshwa pale, linangoja.

Nilianza kuusoma mtambo huo, maana mwalimu hawezi kuiacha ramani ikampita. Mitambo hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1981 Honda walitoa kifaa kilichokuwa na karatasi ya plastiki inayoona, yenye ramani iliyochapishwa, na nyuma yake nukta ya mwanga. Hakikuhitaji satelaiti. Kilihisi mgeuko wa gari kwa kutumia gesi ya heliamu, kikahesabu mwendo wa magurudumu, na dereva alibadilisha karatasi kwa mkono alipotoka eneo moja kuingia jingine. Mwaka 1987 Toyota Crown likapata ramani ya rangi iliyohifadhiwa kwenye sahani ya CD. Mwaka 1990 Mazda wakauza Eunos Cosmo, gari la kwanza kutoka kiwandani na mtambo unaopokea mawimbi ya satelaiti za GPS. Cosmo haliundwi tena siku nyingi.

Satelaiti zenyewe ni za jeshi la Marekani, na hadi Mei 2000 mawimbi waliyopewa raia yalichafuliwa makusudi, hata mahali pako pakaweza kukosewa kwa kiasi cha mita 100. Katika mji wenye mitaa iliyobanana, mita 100 ni mtaa mwingine kabisa. Ndiyo sababu waundaji hawakutegemea mbingu peke yake. Walichanganya mambo matatu: satelaiti, hesabu ya mizunguko ya magurudumu, na kifaa kidogo kinachohisi gari linapopinda. Juu ya yote hayo waliweka ramani, na mtambo ukafundishwa kuamini kwamba gari haliwezi kuwa nje ya barabara.

Hapo ndipo nilipoelewa masaibu ya kishale changu. Satelaiti zinasikika Kawe kama zinavyosikika Yokohama. Kinachokosekana ni nchi. Mtambo ulitafuta Dar es Salaam katika diski yake, haukuiona, ukakataa kuamini. Ukabaki na magurudumu na mipindo. Nilipotoka Kawe kwenda mjini, yaani kuelekea kusini, kishale nacho kiliondoka gatini kikaelekea kusini, kikaingia Ghuba ya Tokyo. Niliporudi nacho kilirudi, ila si mahali palepale. Kila safari iliongeza kosa dogo, na makosa madogo kwa miezi huwa makubwa. Kufika mwaka wa tatu kishale kilikuwa katikati ya bahari, hakuna hata kisiwa karibu, skrini nzima bluu.

Vitu vingine ambavyo mtambo uliunganishwa navyo vilikuwa vinakufa kimoja kimoja. Ulikuwa na televisheni, lakini ya analojia, na Japani walizima matangazo ya namna hiyo sehemu kubwa ya nchi mwezi Julai 2011. Sisi Dar es Salaam tukayazima mwisho wa mwaka 2012. Nilikuwa nalo miezi michache tu kabla kioo hakijabaki na chengachenga. Redio yake ilifika masafa ya 90 tu, kama zilivyokuwa za kwao, na fundi wa Kariakoo akanifungia kile kidude cha kushusha masafa ili nipate stesheni zetu. Ilikuwa kama mzee aliyehamia mji mgeni: kila alichokijua hakipo, na kilichopo hakijui.

Mwaka 2016 Mama Neema aligundulika ana saratani.

Sitaandika mengi juu ya ugonjwa. Waliougua na waliouguza wanajua, na wasiojua Mungu awaepushe. Nitaandika juu ya njia. Kutoka Kawe tulishika barabara ya zamani ya Bagamoyo, tukapita Mikocheni, tukaingia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, tukavuka Daraja la Selander, ambalo wengi wetu tunaliita Salenda, kisha tukakata kushoto kufuata bahari hadi Ocean Road, hospitali ya saratani, katika yale majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Barabara ile ya ufukweni ilibadilishwa jina mwaka 2013 ikapewa la Barack Obama, lakini hospitali ilibaki na jina la zamani, na watu wakabaki na hospitali. Katika kipindi cha mionzi tulikwenda siku tano kwa wiki.

Adui yetu alikuwa foleni ya Salenda. Asubuhi magari yote ya kaskazini mwa jiji yalitaka kupita kwenye daraja lile moja. Tuliweza kukaa dakika 40 tukisogea urefu wa gari moja moja. Kiti cha Brevis hulala, na hapo ndipo nilipoacha kujuta kuliuza lile shamba la matofali ninaloliita kiwanja. Mama Neema alilala, akageuza uso upande wa skrini, akatazama bluu.

"Baba Neema," aliniuliza siku moja, "leo tuko bahari gani?"

Nikamwambia tuko Pasifiki.

"Kuna samaki?"

"Wapo. Wa kila aina."

"Na foleni?"

"Foleni hakuna."

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Tukikwama Salenda yeye alisafiri. Aliniuliza upepo unatoka wapi, mimi nikamweleza habari za mikondo ya bahari, mkondo wa joto unaopita pwani ya Japani ambao Wajapani huuita Kuroshio, yaani mkondo mweusi. Niliwahi kuwafundisha mkondo huo wanafunzi zaidi ya elfu moja, lakini hakuna aliyenisikiliza kama alivyonisikiliza yeye. Siku ambazo maumivu yalikuwa makali hakuuliza kitu. Nami sikusema. Kishale kilikwenda peke yake.

Alifariki Julai 2018. Tulimzika kwao, Muheza.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo lilinifanya niketi garini muda mrefu nikiwa nimeegesha. Katika ukurasa mmoja wa mtambo kuna kalenda, na tarakimu zake zinasomeka na yeyote. Mwezi Aprili 2019 kalenda hiyo ilirudi nyuma ikasema ni Agosti 1999. Sababu yake nilikuja kuielewa. Satelaiti za GPS hutangaza tarehe kwa kuhesabu wiki tangu Januari 1980, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha wiki 1024 tu, yaani miaka 19 na miezi kadhaa. Zikitimia, hesabu huanza sifuri. Ilianza upya Agosti 1999, ikaanza tena Aprili 2019, na itaanza tena mwaka 2038. Kifaa kipya kimefundishwa kuongeza kinachopungua. Kifaa cha zamani kinaamini kinachosikia.

Basi gari langu likaamini ni mwaka 1999. Mwisho wa Mei 2019, siku ya tarehe 30, niliwasha nikaona imeandikwa 14 Oktoba 1999, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere. Siku ile nilikuwa darasani. Tuliambiwa, tukawaruhusu watoto waende nyumbani. Nilirudi nikamkuta Mama Neema amekaa kizingitini, redio iko mapajani, Neema akiwa mtoto mchanga mgongoni, analia machozi kimya kimya asimwamshe. Nilikuwa sijaikumbuka picha hiyo kwa miaka mingi. Sasa kwa hesabu ya gari ilikuwa leo. Kwa hesabu ya gari mke wangu alikuwa hai, na ugonjwa ulikuwa mbali kwa miaka 17.

Nakiri kwamba kwa miezi kadhaa niliifungua kalenda ile kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, linalotoka karibu na Hospitali ya Aga Khan likakatiza baharini hadi Oysterbay, urefu wake kama kilomita moja, watu wa Kawe walishangilia. Mimi sikulipita. Kila nilipokwenda mjini nilishika njia ileile ya Salenda. Wanangu walidhani ni ubishi wa kizee. Mwanangu Daudi alinionyesha kwenye simu mstari wa bluu ukipita darajani, na dakika zilizookolewa. Nikamwambia naijua njia yangu.

Ukweli ni kwamba sikuweza kuzisamehe dakika zile. Nilikuwa nazihesabu kinyumenyume. Siku tano kwa wiki, dakika 40, mgonjwa amelala kwenye kiti. Laiti daraja lingekuja miaka mitano mapema! Kulipita ilikuwa kama kukubali kwamba tungeweza kufika upesi.

Mwaka 2023 Daudi alipata kazi, na kwa mshahara wake wa kwanza wa maana akataka kuninunulia skrini mpya ya gari, ile inayofanana na simu, yenye ramani ya Tanzania na kamera ya kurudia nyuma. Ni zawadi nzuri ya mtoto kwa baba, na sikuwa na neno la kuikataa. Nikasema kabla ya kung'oa ya zamani nataka kwanza nijue imekuwa ikisema nini miaka yote hii. Dada yangu ana kijana aliyesoma Japani. Nikampigia, akaja Jumamosi moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, mama wa Kijapani anakungoja."

Tuliketi ndani ya gari watatu, Daudi nyuma. Nikawasha. Sauti ikasema sentensi yake. Mpwa wangu akaanza kucheka, kisha akajizuia kwa heshima.

"Mjomba, anasema kadi ya ETC haijaingizwa."

ETC ni utaratibu wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama, ulioanza kuenea mwaka 2001. Unachomeka kadi kwenye kidude kilicho chini ya usukani, unapita langoni, fedha zinakatwa. Kadi ya gari langu iliondoka na mwenyewe, ikabaki sauti ya kuidai. Sisi barabara zetu hazina malango hayo, na hata pale Daraja la Kigamboni, ambako nililipa ushuru mara nyingi, kadi yake isingefaa kitu.

"Miaka yote hii?" nikauliza.

"Miaka yote hii, mjomba."

Mama Neema alikuwa akiitikia amina kwa taarifa ya kadi ya ushuru. Tulicheka sote watatu mpaka Daudi akafuta macho, na nadhani hakuwa anafuta kicheko tu.

Kisha mpwa wangu akaingia kurasa nyingine. Akanionyesha alama ya nyumba ndogo. Akaeleza kwamba mwenye gari huandikisha nyumbani kwake, ili akipotea abonyeze kitufe kimoja apelekwe. Nyumba ya mwenye gari la kwanza ilikuwa bado imeandikwa, katika mji mmoja wa milimani mkoani Nagano. Sikujua kama mambo hayo hukaa. Baada ya hapo akafungua orodha ya safari za mwisho, mahali alipouambia mtambo umpeleke. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasita.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Hospitali, mjomba." Akashuka chini ya orodha. "Hii nayo hospitali. Ileile. Na hii." Akaenda mpaka mwisho. Palikuwa na duka moja la mbegu na hoteli moja ya chemchemi za maji moto. Mengine yote ilikuwa hospitali ileile moja.

Hakuna aliyesema kitu. Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira.

Sijui mtu yule alikuwa nani. Huenda alikuwa daktari, au alifanya kazi ya usafi pale. Lakini mtu haulizi njia ya kwenda kazini kwake kila siku, wala haulizi mara nyingi njia anayoijua. Mimi nafikiri hakuuliza kwa kutojua. Nafikiri alibonyeza kitufe ili ndani ya gari kuwe na mtu mwingine wa kusema geuka kushoto, geuka kulia, kwa sababu aliyekuwa kwenye kiti cha pili hakuwa na nguvu ya kusema. Nimelikalia gari lile, najua ukimya wake. Inawezekana nimekosea. Ila kwa miaka miwili mke wangu alilala kwenye kiti ambacho labda mtu mwingine alikilaza kwanza.

"Nifute, mjomba?" mpwa wangu akauliza.

Niliwafundisha watoto wa shule kusoma ramani kwa miaka 31. Somo la kwanza kila mwaka lilikuwa lilelile. Kabla hujatazama mto wala mlima, tazama pembeni: kichwa cha ramani, skeli, upande wa kaskazini, ufunguo, na mwaka wa kuchapishwa. Mwaka ndio waliousahau siku zote. Wakiona shule kwenye ramani ambayo haipo uwanjani, wanasema, "Mwalimu, ramani inadanganya." Nikawaambia haidanganyi. Inasema kweli ya siku yake, wewe ndiye hukusoma tarehe. Kituo kinaitwa Mwembechai, na abiria wa leo hashuki pale kutafuta mwembe wala chai, na wala hasemi kwamba kondakta amemdanganya.

Nililisema somo hilo mara 31, na ndani ya gari langu mwenyewe sikulifanya. Ramani niliyokuwa nayo kichwani, ya Kawe hadi Ocean Road, ilikuwa imechapishwa mwaka 2016. Daraja halikuwamo kwa sababu halikuwapo. Hakuna aliyenificha. Tulipita njia iliyokuwapo, kwa mwendo uliowezekana, na mgonjwa wangu alifika. Ilikuwa kweli ya siku zile. Kosa langu ni kuisoma kana kwamba ni ya leo, kisha kuishtaki.

"Futa," nikamwambia. "Hayo ni ya mwenyewe. Hatukupaswa hata kuyaona."

Mashine iliuliza kama tuna hakika. Mpwa wangu akanitafsiria, akaniachia nibonyeze mwenyewe. Nikafuta orodha, nikafuta na ile nyumba ndogo.

Skrini mpya sikuikataa, ila tuliiweka kwenye gari la Daudi mwenyewe, ambaye huendesha usiku na anaihitaji kuliko mimi. Brevis limebaki na mtambo wake. Nikitaka njia ya mahali nisipopajua nawasha simu, na nyumba yangu nayo ina namba na mtaa wake una jina, tangu tulipobandikiwa vibao vya anwani za makazi mwaka 2022. Kalenda ya mwaka 1999 siifungui tena. Diski iko mahali pake, redio inapiga.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa na shughuli mjini. Nilipofika njia panda sikunyoosha kwenda Salenda. Nilikata kushoto, nikapita Oysterbay, nikaingia Daraja la Tanzanite kwa mara ya kwanza. Upande wa kulia niliona Salenda kwa mbali, magari yamejipanga. Kwenye skrini kishale kilikuwa baharini kama kawaida yake. Nikatazama nje dirishani: maji kulia, maji kushoto. Ramani yoyote ya Dar es Salaam iliyochapishwa wakati nanunua gari lile ingenionyesha hivyohivyo, mtu na gari lake katikati ya bahari, wala isingekuwa imedanganya.

Ilinichukua dakika mbili kuvuka. Nilipotoka upande wa pili, paa za Ocean Road zilikuwa mbele yangu.